Sarafu ya Lysimachus: mbona uso ni wa Alexander?

Mkomani_1
Assalaam aleikum. Naandaa somo la sarafu za fedha za Wagiriki kwa wanafunzi wa sekondari hapa Lamu. Hii ya Lysimachus, mtawala wa Thrace, yenye uso wa Alexander Mkuu, inanitatiza. Alikuwa mfalme kamili, mbona asiweke uso wake?

Binti_Shela
Waaleikum salaam. Waanzishe na sikio. Juu yake pana pembe ya kondoo dume iliyojikunja: ndiyo alama ya mungu Zeus Ammon, ambaye Alexander alidai kuwa mwanawe. Wasiichanganye na sarafu ya Alexander mwenyewe, yenye kichwa cha shujaa Herakles aliyevaa ngozi ya simba, na nyuma Zeus ameketi akishika tai.

Lysimachus hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme, alikuwa mlinzi wa Alexander. Bwana wake alikufa 323 KK, na majemadari wakaanza kujiita wafalme miaka ya 306 na 305 KK, ukoo wa Alexander ukiwa umeshauawa. Haki ya kutawala wangeitoa wapi, kama si kwa jina la Alexander? Sasa geuza sarafu: mungu wa kike Athena ameketi, mkononi amembeba Nike, mungu wa ushindi, naye Nike analivika taji jina la Lysimachus lililoandikwa pale pembeni. Kwangu mimi hakuna sarafu ya zama zile iliyodai ufalme kwa ustadi kama huu.

Mkomani_1
Shukran sana, dada. Je, Ptolemy, jemadari mwenzake aliyetawala Misri? Yeye aliweka uso wake.

Mizani_Langoni
Aliweka, ila baada ya kuanza na Alexander aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo. Na usisahau uzito, ndugu yangu. Sarafu ya Alexander ya thamani ya drakma nne ilikuwa na gramu 17.2 hivi, na Lysimachus hakuupunguza. Ptolemy aliushusha kidogo kidogo hadi gramu 14.2 hivi. Aliweza kwa sababu ndani ya Misri sarafu za kigeni hazikuruhusiwa kutumika. Mgeni alibadilisha kwanza. Mfalme asiye na udhibiti huo akipunguza uzito wa sarafu yake, wafanyabiashara wanaikataa.

Mfano wa pwani kwetu ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria: alikufa 1780, na riale zikaendelea kupigwa baadaye zikiwa zimeandikwa mwaka uleule wa 1780, maana watu walishaizoea sura ile.

Binti_Shela
Nyongeza: wasidhani kila sarafu ya Lysimachus ni ya enzi zake. Alikufa vitani 281 KK, lakini miji iliendelea kuzipiga zaidi ya miaka 150. Wakiona herufi BY kwenye kiti cha Athena na mkuki wa ncha tatu chini yake, hiyo ni ya mji wa Byzantium, ya baadaye.