Ushauri: kutoa ditekta ya InSb na kuweka H2RG kwenye spektrografu ya infraredi

Mwanya_Mwembamba: Wakuu, habari. Spektrografu yetu, chombo kinachotawanya mwanga wa darubini kwa urefu wa mawimbi, ni ya mikroni 1 hadi 5. Inatoka ditekta (chipu ya kunasa mwanga) ya Aladdin ya InSb (indiamu na antimoni), pikseli 1024 × 1024, inaingia H2RG ya HgCdTe (zebaki, kadmiamu na teluriamu), 2048 × 2048, isiyoona mawimbi yaliyopita mikroni 5.3. Lenzi, gretingi (bamba la mistari linalotawanya mwanga) na kriostati (chombo cha ombwe kinachoviweka baridi) vinabaki. Nini kiangaliwe kabla ya kufungua, na chipu huharibiwa na nini?

Hesabu Kwanza: Pikseli za Aladdin ni mikroni 27, za H2RG 18. Upande wa chipu unatoka milimita 27.6 kwenda 36.9, kwa hiyo kona mpya zitaangukia pale ambapo kamera haikusanifiwa kutoa picha kali. Fuatisheni miale kwenye programu hadi kwenye kona kabla ya kuagiza. Faida ipo: mwanya wa kuingizia mwanga uliochukua pikseli 3 sasa utachukua 4.5, mnaweza kuupunguza lenzi zikiruhusu. NIRSPEC, spektrografu ya darubini ya Keck II huko Hawaii, ilibadilishwa hivyohivyo mwaka 2018, tafuteni makala za wahandisi wake.

Fundi Baridi: Chipu isiwe kitu cha baridi kuliko vyote wakati wa kupoza. Mvuke uliobaki hugandia palipo baridi zaidi, na hapo ndipo mnapata madoa. Mkaa wa kunasa gesi upoe kwanza, hita ya chipu iibakize na joto zaidi ya majirani zake. Mkipasha joto, chipu itangulie kupanda. Msizidi kelvini 1 (K 1) kwa dakika, 0.5 ni salama zaidi, kwani HgCdTe ya chipu na silikoni ya saketi yake hazisinyai sawa na vitone vya indiamu vinavyoziunganisha hukatika. Kabla ya kupoza, shinikizo la ombwe lishuke chini ya milibari 10⁻⁴ kwanza. O-ringi (pete za mpira za kuziba) badilisheni zote, hata zinazoonekana nzima. Na hewa ya mlimani ni kavu, umeme tuli huua chipu: bila mkanda wa mkononi wenye ethi, usiguse plagi.

Mwanya_Mwembamba: Shukrani. Fokasi ikipangwa kwenye joto la chumba itakaa?

Hesabu Kwanza: Haikai. Alumini husinyaa karibu 0.4% ikifika K 77; urefu wa milimita 300 unapungua zaidi ya milimita 1, na lenzi hazisinyai kwa kiasi hicho. Kamera ya f/3 (urefu wa fokasi mara 3 ya kipenyo) inawapa nafasi ya kukosea ya kama mikroni 54 tu kila upande. Wekeni shimu (visahani vyembamba vya kusogeza chipu), pozeni, kisha pigeni taa ya argoni mara mbili: nusu moja ya mwanga imezibwa, halafu nusu nyingine. Mistari ikihama, fokasi bado, na kiasi cha kuhama ndicho kinachotoa unene wa shimu. Pimeni kona zote nne, maana chipu iliyoinama hudanganya katikati. Tengeni muda wa kupoza mara tatu.

Giza Totoro: Bendi ya M (karibu na mikroni 5) msiisahau. Mkisoma kwa chaneli 32, kila moja pikseli 100,000 kwa sekunde (kHz 100), fremu nzima inachukua sekunde 1.3, na joto la darubini na anga linaweza kujaza pikseli kabla ya hapo. Someni dirisha dogo, yaani sehemu tu ya chipu. Kipimo cha giza (picha bila mwanga) kikiwa kibaya, msikimbilie kulaumu chipu. Mwanga unaopenya huwa na umbo: ukingo, au ukungu upande mmoja. Tafuteni penye nyaya na matundu ya skrubu, mzibe kwa tepe ya alumini.