Naombeni ushauri: mteja anataka bei ya nyumba kabla ramani haijachorwa

Msanifu wa Goba
Habarini wakuu. Ni mwaka wa pili tangu nianze kupokea wateja wangu mwenyewe hapa Dar. Alinijia mama mmoja mstaafu, ana kiwanja Goba. Salamu hazijaisha akauliza, "Mwanangu, itanitoka shilingi ngapi?" Nikazidisha mita za mraba 120 kwa laki sita, nikamwambia milioni 72. Akaiandika kwa peni nyekundu nyuma ya bahasha anayotunzia hati ya kiwanja.

Ramani imeishia mita 158, maana aliongeza baraza na chumba cha wajukuu. Kiwanja nacho kina mteremko, kona ya chini msingi unataka kozi (mistari ya matofali) kumi na moja. Jana kaja na ile bahasha. Hakugomba, kaiweka mezani akanyamaza. Usiku sikulala. Ninyi swali hilo mnalijibuje siku ya kwanza?

Mkadiriaji
Pole mkuu. Hata sisi tunaanzia kwenye bei ya mita, ila hiyo laki sita uliitoa nyumba ipi? Kama ni ya kiwanja tambarare Kigamboni, mteremko wa Goba haumo. Msingi upigie hesabu yake peke yake, baada ya kufika kiwanjani na kuchimba shimo uone udongo. Kisha mwandikie yasiyomo: uzio, karo la choo, kuvuta maji na umeme, kibali, ada yako. Mkandarasi aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ataongeza na kodi hiyo. Taja bei ya chini na ya juu, weka na tarehe.

Fundi Mbezi
Baraza wengi hawalihesabu, wakati lina msingi, nguzo, kenchi (mbao za paa) na bati kama sebule. Halafu mteja akisikia bei anafikiria boma, yaani kuta tupu. Pitieni Madale muone maboma yaliyoota majani, pesa iliishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Vigae, milango, madirisha ya alumini, jipsamu, huko ndiko watu wanakokwama.

Dada wa Tabata
Mimi ni mteja. Msanifu wangu aliniuliza kwanza nina shilingi ngapi. Nikasema milioni 80. Akatoa 20 za uzio, karo, kibali na dharura. Zile 60 akazigawa kwa laki tano, bei ya mita wakati ule. "Dada, una mita 120, tuzigawe vyumba." Chumba cha nne nilikifuta mwenyewe, na wala sikuumia.

Msanifu wa Goba
Asanteni sana, hasa dada. Kesho saa nne naenda kwake, kwanza nimwombe radhi. Kwa mita 158 tayari ni milioni 94.8, msingi bado. Nimfutie chumba cha wajukuu?

Mkadiriaji
Usimfutie kitu. Mpelekee bei ya kila sehemu, achague mwenyewe. Baraza lina mita ngapi?

Msanifu wa Goba
22.

Mkadiriaji
Hiyo ni milioni 13.2. Anzeni na hilo.