Wadau, nichukue Stjerneborg ya Blaeu au sekstanti ya Hevelius?

Mtoto_wa_Mwalimu
Wakuu, habari zenu. Baba amestaafu ualimu wa jiografia huko Tanga. Ndiye aliyenionyesha Kilimia nikiwa mdogo, kwa hiyo nataka kumpelekea mchoro wa kale wa kituo cha kutazamia nyota. Hapa Hamburg nimepata miwili, bei zinakaribiana.

Wa kwanza ni Stjerneborg, kituo alichokijenga mwanaastronomia Tycho Brahe wa Denmark kisiwani Hven miaka ya 1580, vyombo vikiwa mashimoni ili upepo usivitikise. Umetoka kwenye Atlas Maior, kitabu cha ramani cha Joan Blaeu, 1662, na umepakwa rangi. Wa pili ni mwanaastronomia Hevelius na mkewe Elisabeth kwenye sekstanti kubwa, yaani chombo cha kupimia pembe kati ya nyota, kutoka kitabu chake Machina Coelestis cha 1673. Huo ni wa wino mweusi tu, na ukingo mmoja umekatwa. Nishaurini.

Shaba_na_Wino
Blaeu, bila kusita. Willem Blaeu, baba yake Joan, alisoma kwa Tycho palepale Hven kabla ya kuanza kazi ya ramani. Tycho aliondoka kisiwani 1597 na majengo yakabomolewa, kwa hiyo michoro ya namna hii ndiyo inayotuonyesha palivyokuwa.

Ila geuza karatasi uangalie nyuma ya sehemu za kijani. Kijani cha zamani kilitengenezwa kwa kutu ya shaba, nacho hula karatasi na kuacha doa la kahawia upande wa pili. Pakiwa peupe kabisa, shuku kwamba rangi ni ya juzi.

Mama_Zuhura
Mimi Hevelius, mwanangu. Sekstanti ile ilitaka watu wawili, kila mmoja na nyota yake, ndipo pembe kati ya nyota hizo ipatikane. Elisabeth yumo kwa sababu alikuwa akifanya kazi. Mwanaastronomia Mwingereza Edmond Halley alikwenda kwao Danzig (leo Gdańsk, Poland) 1679 kupima nyota nao, maana Hevelius alikataa kufunga darubini kwenye vyombo vya vipimo, na akakuta macho matupu ya mzee yule hayakosei. Miezi michache baadaye, Septemba 26, moto ukateketeza nyumba ya Hevelius, vyombo na vitabu. Nakala nyingi za juzuu ya pili ya Machina Coelestis ziliungua. Juzuu ya 1673 ilikuwa imeshasambaa. Hiyo karatasi unayoishika ilipona hivyo.

Fundi_Fremu
Kabla ya yote chukua lenzi. Michoro hii ilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, na mstari wake huanza mwembamba, hunenepa, kisha huishia kama ncha ya sindano. Ukiona vidoti, hiyo ni nakala ya mashine. Tafuta pia mbonyeo wa bamba, yaani alama ya kingo zake iliyodidimia kwenye karatasi kuzunguka picha: kama mkato haujaufikia, usihofu.

Halafu fikiria Tanga. Jua hupausha rangi, wino mweusi hudumu. Ukiufremu, karatasi isigusane na kioo, unyevu wa pwani utaigandisha.

Mtoto_wa_Mwalimu
Nimerudi dukani na lenzi. Nyuma ya Stjerneborg ni peupe pe, na muuzaji amekubali kwamba rangi ni ya karne hii. Kwa Hevelius, mkato uko nje ya mbonyeo kwa upana wa ukucha. Mistari ya mkono wa Elisabeth inanenepa na kuchongoka kama Fundi alivyosema. Niliinama pale hadi shingo ikauma.

Nimelipa. Desemba naubeba mwenyewe, umelazwa kati ya makadibodi mawili. Mama Zuhura, habari ya moto ule nitamsimulia mzee kwanza, ndipo nimfungulie.