Ulinganisho: punda dume aachwe kundini, afungwe na kuletewa majike, au aazimwe kwa jirani?

Mfugaji wa Chamwino (mwanzisha mada)

Ndugu wafugaji, salaam. Ninao punda majike watano na madume wawili, na mpaka sasa wote wamekuwa wakichungwa pamoja na kulala zizi moja. Matokeo yake ni kwamba watoto huzaliwa mwezi wowote, hata Septemba, wakati ambapo hapa kwetu majani yamekwisha na mama anatumwa maji kila siku. Baadhi ya watoto hudumaa, na mama zao hubaki mifupa mitupu hadi mvua zinaporudi. Ninataka kuanza kupanga uzazi, nami naona njia tatu: kumwacha dume mmoja kundini kama zamani, kumtenga na kumletea jike aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, au kutofuga dume kabisa na kumwazima wa jirani inapohitajika. Ninaomba walio na uzoefu wanilinganishie njia hizi, wakizingatia kwamba punda wangu wanafanya kazi.

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa

Ndugu, kabla ya kuchagua njia, tazama kwanza kalenda. Punda hubeba mimba kwa takribani miezi 12, na si ajabu wengine kupitiliza hapo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mwezi unaompandisha jike ndio, kwa makadirio, mwezi atakaozaa mwaka unaofuata. Jike aliyepandwa Septemba atazaa Septemba au Oktoba, kiangazi kikiwa kikali, ilhali aliyepandwa Januari atazaa mvua zikiwa zimekolea, na kipindi cha kunyonyesha, ambacho humdai chakula kingi kuliko mimba yenyewe, kitaangukia kwenye majani mabichi. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ukikosea hapo hakuna vuli ya kukuokoa. Punda dume aliyeachwa kundini mwaka mzima hafuati kalenda yoyote, na hiyo ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya njia ya kwanza.

Njia ya pili inakutaka ujue kusoma dalili za joto. Jike huingia joto kila baada ya siku 23 au 24 hivi, na joto lenyewe hudumu siku 5 hadi 9. Akiwa karibu na dume hushusha shingo, hulaza masikio nyuma, hutafunatafuna kwa mdomo ulio wazi huku mate yakimdondoka, huinua mkia, hukojoa kidogo kidogo na kurudi kinyumenyume akimgeuzia dume makalio. Akiwa peke yake dalili hizi hufifia, na ndiyo maana wengi husema hawakumwona jike akiwa kwenye joto. Mpitishe kila asubuhi mbele ya zizi la dume, uzio ukiwa katikati, nawe utaona. Yai hutoka siku za mwisho za joto. Mpandishe kuanzia siku ya tatu, kisha kila baada ya siku moja, hadi atakapoanza kumkataa dume kwa mateke.

Ninasisitiza jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui: punda dume si wa kuharakishwa. Anaweza kuchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi, akinusa, akienda mbali na kurudi, kabla hajawa tayari. Anayemchapa fimbo ili amalize haraka humwondolea hamu, na dume aliyeizoea fimbo mahali pa kupandia hukataa kupanda hata siku nyingine. Chagua uwanja mkavu usioteleza, mshikaji asimame ubavuni mwa kichwa cha jike akiwa na hatamu, na miguu ya nyuma ya jike isifungwe, kwani akianguka huku amebeba uzito wa dume anaweza kuvunjika.

Mama mfugaji, Kongwa

Nimemwelewa daktari na ninakubaliana naye kuhusu majani, ila kalenda yake inamfaa punda asiyetumwa. Mimi nina punda ambao Desemba na Januari wanalima, Mei hadi Julai wanabeba mavuno ya mtama na alizeti, na kuanzia Agosti wanafuata maji. Nikipanga wazae Januari, miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ambayo ndiyo mtoto hukua zaidi tumboni, itaangukia Oktoba hadi Desemba, wakati safari za maji zimekuwa ndefu kuliko wakati wowote mwingine. Nikipanga wazae mwishoni mwa Machi, basi mama mwenye mimba kubwa ndiye atakayefungwa jembe. Hakuna mwezi ambao hauna gharama yake.

Jibu nililolipata ni kuwagawa majike. Nusu hupandishwa mwaka huu na nusu mwaka ujao, ili wakati wote wawepo majike wasio na mimba wala mtoto wa kunyonya, na hao ndio wanaopewa mizigo mizito. Mwenye mimba hafugwi kama mgonjwa: hubeba debe nyepesi hadi miezi mitatu ya mwisho, kisha hupumzishwa mizigo. Kwa utaratibu huu kila jike huzaa mara moja katika miaka miwili, nami sioni hasara, maana jike anayezaa mfululizo huku akifanya kazi huisha mapema. Sasa, mtu aliye na dume huru kundini hawezi kufanya hivi hata akitaka, kwa sababu dume hatambui zamu. Ndiyo maana ninamfunga dume wangu.

Kuhusu chakula cha kiangazi, mimi hulimbikiza mabua ya uwele na mtama pamoja na maganda ya karanga, na mama anayekaribia kuzaa humwongezea mashudu ya alizeti kidogo na chumvi jiwe. Pumba za mahindi sizitegemei.

Mfugaji wa Bahi

Mimi nitaitetea njia ya kwanza, angalau kwa nusu. Kumtenga dume kunahitaji zizi imara, mtu wa kumkatia majani na kumpelekea maji, na jicho la kuchunguza joto kila siku. Katika kaya ambayo kila mkono uko kwenye majaruba ya mpunga, hayo hayapatikani kirahisi. Dume aliye kundini hulitambua joto hata usiku wa manane, hupanda mara nyingi, na mimba hushika bila mtu kuhesabu siku. Ninachofanya ni kumwingiza kundini katikati ya Januari na kumtoa mwishoni mwa Machi, kisha miezi mingine yote anafungwa kwenye mkokoteni. Kwa njia hiyo kalenda ya daktari inafuatwa, na kazi ya kuwinda joto ninamwachia mwenyewe.

Yapo masharti mawili. Wasiwepo kamwe madume wawili kundini, kwa sababu watapigana hadi wararuane shingo na miguu. Pia, jike akizaa, atolewe na mtoto wake akae pembeni, kwani wapo madume wanaomshambulia mtoto mchanga, hususan asiye wao, na kumwua kwa meno.

Mhudumu wa farasi, Arusha (mwenyeji wa Kondoa)

Ninaongeza machache kwa wale wanaofikiria kununua farasi jike ili wapate nyumbu, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike. Farasi jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi na hubeba mimba kwa takribani miezi 11, kwa hiyo hesabu ya mwezi hapo juu hurudi nyuma kidogo. Farasi dume huwa tayari ndani ya dakika chache, lakini kumshika kunahitaji mtu mzoefu. Huku tunakofanyia kazi hatumwachi na jike mgeni uwanjani, kwa sababu teke moja linaweza kumwondoa kwenye uzazi moja kwa moja. Humletea jike ambaye tayari amejaribiwa kwenye uzio. Na punda dume aliyekulia kati ya punda mara nyingi humkataa farasi jike, hata umbembelezeje.

Kizuizi kikubwa zaidi ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao husambazwa na visubi wanaouma usiku. Punda huuhimili, mara nyingi bila dalili yoyote, lakini farasi wengi wanaoupata hufa. Farasi lazima achanjwe kabla ya msimu na alale ndani kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Kwa kazi za Dodoma, kwa maoni yangu, punda kwa punda ndiyo biashara yenye akili.

Mfugaji wa Chamwino

Ninawashukuru. Nimeridhika kwamba nitafuata zamu za mama wa Kongwa, na dume nitamtenga. Yamebaki mawili. Jirani yangu hana dume na anataka kuniazima wangu: je, ninakubali? Na huyu dume wa pili, nimwuze au nimhasi?

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa

Mkubalie jirani, lakini jike wake aje kwako, dume wako asihamehame. Dume hutulia zaidi kwenye eneo lake, nawe utapata nafasi ya kumkagua jike kabla hajaingia: kama ana uchafu au uvimbe sehemu za uzazi, au alitupa mimba hivi karibuni, mrudishe hadi atakapopimwa. Upo ugonjwa uitwao durina, wenye vimelea wa jamii moja na wa nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ambao huenezwa kwa kupandana kwenyewe, na punda anaweza kuubeba muda mrefu akionekana mzima. Hiyo ndiyo hatari ya dume wa kuazimwa kijiji kizima. Hatari nyingine ni ya miaka ya baadaye, pale dume huyohuyo anapowapanda binti zake bila mtu kukumbuka. Wewe na jirani mkubaliane tangu sasa kubadilishana dume na mtu wa kijiji cha mbali kabla binti hao hawajakomaa.

Wa pili mhasi, usimwuze, kwa kuwa unahitaji wa kubeba mizigo majike watakapokuwa zamuni. Mtafute mtaalamu, kwa sababu mishipa ya damu ya punda katika sehemu hiyo ni mikubwa na sharti ifungwe kwa uzi, na adungwe kinga ya pepopunda, ugonjwa ambao jamii ya punda na farasi hushambuliwa nao kwa urahisi mno. Fanya Juni au Julai, wakati wa baridi na vumbi, inzi wakiwa wachache. Baada ya hapo endelea kumtenga na majike kwa mwezi mmoja na nusu hivi, kwa kuwa mbegu zilizobaki mwilini bado zinaweza kutungisha mimba.