Diski ya bakapu imepotea njiani, tuanzie wapi?

Mtunza_Seva
Wadau, habari za kazi. Chama chetu cha akiba na mikopo kiko Mombasa. Kila Ijumaa diski ya TB 2 yenye bakapu kamili hupakiwa gari la vifurushi kwenda tawi la Voi. Ya wiki hii haijafika, na leo Jumatatu. Ndani mna namba za vitambulisho na salio za wanachama, kwenye faili la zip lenye nenosiri. Tuanze na lipi, na zijazo tuzipelekeje?

Fundi_Nyali
Saa zinakwenda. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 kinakupa saa 72 tangu ulipojua data imefikiwa na asiyeruhusiwa, umjulishe Kamishna wa Data. Ongea na wakili wenu leo, usingoje dereva apekue buti wiki nzima.

Leo hiihii toa bakapu kamili nyingine. Bakapu za kila siku hubeba mabadiliko tu. Kamili ikikosekana, hizo hazina pa kushikilia.

Na hiyo zip isikupe usingizi. Usimbaji (kufunga data kwa msimbo) wa zamani wa zip huvunjwa na mtu anayejua baiti 12 tu za kilichomo, na majina ya faili husomeka bila nenosiri.

Bi_Terminali
Funga diski nzima kwa msimbo kabla ya kunakili, kwa amri hii ya Linux (sdX1 ni jina la diski yako): `cryptsetup luksFormat /dev/sdX1`. Hakikisha kwanza kwa `lsblk`, inayoorodhesha diski, kuwa hiyo ndiyo diski ya nje, maana amri hii inafuta bila huruma. Halafu:

`cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdX1 --header-backup-file kichwa.img`

Hatua hii wengi huiruka. Inatoa nakala ya kichwa, yaani sehemu ya mwanzo ya diski inayotunza funguo. Kichwa kikiharibika, hata nenosiri sahihi halifungui kitu. Faili hilo na nenosiri visipande gari moja na diski, wala nenosiri lisibandikwe kwenye kasha. (Ndiyo, hubandikwa.)

Njiani: mfuko wa lakiri wenye namba, na daftari la namba ya diski, namba ya lakiri, saa, sahihi ya anayetoa na ya anayepokea. Voi ni kilomita 150 hivi. Saa sita zikipita bila simu yao, Mombasa ianze kuulizia. Orodha ya kilichomo ibaki ofisini, la sivyo hamtajua mmepoteza nini.

Mtunza_Seva
Nashukuru. Tukituma kwa intaneti si tunaachana na gari kabisa?

Fundi_Nyali
Piga hesabu. Tuseme bakapu kamili ni GB 200: kwa laini inayopandisha Mbps 10 ni saa 44 na ushei, laini isipokatika. Mabadiliko ya siku, tuseme GB 5, ni saa moja na dakika saba. Kwa hiyo tumia restic, programu ya bakapu: hazina yake ya kwanza, yaani bakapu kamili, ipeleke kwa diski, kisha usiku itume mabadiliko tu. Husimba kabla data haijatoka kwenye mashine. Nenosiri likipotea, hakuna wa kukufungulia.

Upande wa Voi washa rest-server, programu inayopokea bakapu za restic, kwa `--append-only` (kuongeza tu), ili aliyeingilia seva ya Mombasa asiweze kufuta za nyuma. Kila mwezi endesha `restic check --read-data-subset=10%`, inayokagua sehemu ya bakapu, halafu rudisha hifadhidata kwenye mashine tupu ufungue leja ya mwanachama mmoja. Check peke yake haikuambii kama hifadhidata itawaka.