Mjadala: Fomu za huduma za umma zikubali vivinjari (programu za kufungulia kurasa za mtandao) vya zamani, au watu wabadilishe simu?

Mwanzisha mada, Wete

Asalaam aleikum ndugu zangu. Wiki iliyopita mama mmoja wa Micheweni aliingia steshenari ninapofanya kazi, simu mkononi, kioo kina ufa. Alikuwa anamuombea mwanawe nafasi ya masomo. Fomu kaijaza yote mwenyewe nyumbani. Akibonyeza "Wasilisha", kimya. Kabonyeza usiku kucha mpaka bando likamwishia. Nikaijaza upya kwenye kompyuta ya dukani, ikapita mara moja.

Nikauchungulia ukurasa ule. Kitufe si kitufe, ni kisanduku kilichopakwa rangi, hakifanyi lolote bila skripti, yaani maelekezo ya programu yanayokuja na ukurasa. Na skripti ina alama ya kuuliza iliyofuatwa na nukta, uandishi ambao kivinjari cha Chrome kilianza kuuelewa mwaka 2020; cha simu ya mama yule ni cha kabla ya hapo. Kivinjari cha zamani kikikuta lebo ya HTML (lugha ya kuundia kurasa) kisiyoijua, huipuuza na kuonesha maandishi yaliyomo. Mstari wa CSS (lugha ya rangi na mpangilio) kisioujua huuruka. Kwenye skripti hakuna huruma hiyo: alama moja tu isiyoeleweka, faili zima linakataliwa.

Fomu ya umma itumie fomu na kitufe vya HTML yenyewe, seva, kompyuta ya ofisi inayohudumia ukurasa, ipokee na kukagua. Skripti ije baadaye kuongeza raha.

Mchangiaji, Mjini Unguja

Hapo siko nawe, kaka. Tabu hiyo ya kubeba vivinjari vya zamani tumeshaila. Enzi za Internet Explorer 8, kivinjari cha Microsoft, lebo kama header na nav hazikushika rangi wala mpangilio mpaka uziunde kwanza kwa JavaScript, lugha ya skripti, ujanja uliogunduliwa na mtaalamu Sjoerd Visscher. Kompyuta za Windows XP hazikupata toleo la Internet Explorer la mbele ya hapo, tukabaki kutia viraka miaka na miaka. Juni 2022 Microsoft yenyewe ikaachana na Internet Explorer 11. Sasa kivinjari kisichopata tena marekebisho ya usalama, unamwambia mtu aweke humo namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi?

Mwanzisha mada, Wete

Kwenye usalama nakubali, na sitaki seva ilegeze ulinzi kwa ajili ya simu kuukuu. Lakini simu ya mama yule ilipita ulinzi wote, ikaonesha fomu, ikamwacha aijaze. Kilichomzuia ni alama mbili za uandishi. Wala sikuombi viraka: fomu ya kweli hutuma hata skripti ikikataliwa. Sehemu ya tarehe ndiyo hivyo hivyo, kivinjari kisichojua kalenda huleta kisanduku cha kuandikia tu, basi seva ikubali 12/3/2010 iliyoandikwa kwa mkono.

Mchangiaji, Chake Chake

Mie nasomesha skuli. Wanafunzi wangu hutumia kivinjari cha Opera Mini kubana bando, simu nyengine mpya kabisa. Kwenye hali yake ya kubana sana, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera, na skripti nyingi hazifanyi kazi ukurasa ukifika simuni. Kwa hao, kubadilisha simu hakusaidii kitu.