Mama kila akipigiwa na nesi anajibu "sijambo", nifanyeje?

Kijana wa Igoma: Wakuu, salaam. Mama yangu kabadilishwa valvu ya moyo Dar, hii wiki ya nne yuko nyumbani Ukerewe. Mimi niko Mwanza mjini na vibarua vyangu. Kila Alhamisi nesi anampigia. Juzi nilikuwepo, simu ikawekwa spika. Tangu asubuhi Mama ananilalamikia kachoka, malapa yanambana. Nesi kuuliza "Mama, unaendeleaje?" akajibiwa, "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu. Watoto hawajambo?" Dakika mbili, wameagana. Nilipotaka kudakia, nikakatwa jicho.

Sato Mkavu: Hahaa, mama zetu hao! Mnunulie simu ya laini mbili, visiwani mtandao unasumbua.

Nesi Mstaafu: Sato, simu haina kosa. Mwanangu, ukimuuliza mtu mzima "unaendeleaje" umemsalimia, naye ataitikia salamu. Uliza vya kuhesabika. Usiku kalalia mito mingapi? Maji yakijaa mapafuni, akilala chali pumzi humbana, ndiyo maana mito huongezeka. Mizani asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai, imesoma ngapi? Kilo 2 zikiongezeka ndani ya wiki hayo ni maji, si ugali. Hayo malapa yanayobana, maana yake miguu inavimba, hayajanipendeza hata kidogo. Mjukuu aandike kwenye daftari, nesi akipiga asomewe. Joto likifika 38, kidonda kikitoa usaha, au mfupa wa kifua ukigonga kwa ndani akikohoa, msingoje Alhamisi. Na ndoo ya maji asiiguse mpaka daktari aruhusu, huwa miezi 2 hadi 3.

Mama Pacha Nyakato: Kama valvu ni ya chuma, basi anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mchicha na matembele ale kwa kiasi kilekile alichozoea. Baba yetu aliacha mboga ghafla akidhani anaisaidia dawa, damu ikawa nyepesi mno, fizi zikaanza kuvuja. Na diklofenaki za dukani asipewe, hata mgongo ukimuuma vipi.

Kijana wa Igoma: Nimempigia mjukuu, nikauliza habari ya mito. Ilikuwa mitatu, na tangu Jumapili Bibi analala amekaa kwenye kiti! Nesi nimempata. Kasema tusingoje meli ya kesho, apelekwe hospitali ya wilaya pale Nansio sasa hivi. Shemeji kaleta bajaji. Mama kapanda, ila amenuna, anasema nimemchongea.